Pembe Isiyotoa Sauti: Ndovu wa Ziwa Turkana na Sonata za Fidla na Piano

Nariokotome ni mto wa msimu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji. Ni mkondo wa mchanga na kokoto unaoshuka kutoka vilima vya magharibi kwenda Ziwa Turkana. Agosti 1984, siku ambayo kambi ya watafiti ilikuwa imepumzika, Kamoya Kimeu alitoka kujinyoosha miguu kando ya mto huo. Akaona kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti, rangi yake sawa na ya mawe yaliyokizunguka. Mtu mwingine angekikanyaga akapita. Kimeu aliinama. Kipande hicho kikawapeleka wenzake kwenye mifupa ya Mvulana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Udongo wa magharibi ya ziwa haukumhifadhi mvulana huyo peke yake. Umehifadhi pia meno na mifupa ya ndovu. Kusini zaidi, Kanapoi, yamepatikana mabaki ya ndovu walioishi yapata miaka milioni 4 iliyopita, jamaa wa karibu wa ndovu wa Afrika tuwajuao leo. Mamilioni ya miaka yakapita, mto ukahama, ziwa likapanda na kushuka, na ndovu bado wakawa wanakuja kunywa maji. Wasafiri wa mwisho wa karne ya 19 waliwakuta hapo kwa makundi. Leo mchungaji wa Nariokotome anaweza kuishi hadi uzeeni bila kumwona ndovu hata mmoja pwani ya ziwa lake.

Sababu za kutoweka kwao ni nyingi. Mojawapo inatupeleka mahali ambapo mtu wa Lodwar au Kakuma asingefikiria kutafuta: ukumbi wa muziki wa Ulaya, wenye watu wawili jukwaani, mmoja ameshika fidla, mwingine ameketi mbele ya piano. Hii ni historia ya ukumbi huo na ya njia iliyouunganisha na nchi yetu.

1803: Fidla na piano zasimama sawa

Sonata ya fidla na piano ni utungo wa ala mbili, kwa kawaida wenye sehemu tatu au nne. Mwanzoni hazikuwa sawa. Katika karne ya 18 sonata nyingi za aina hii zilikuwa za piano, fidla ikiwa msindikizaji tu. Ludwig van Beethoven ndiye aliyeugeuza uhusiano huo kwa kishindo.

Mei 24, 1803, asubuhi, katika ukumbi wa bustani ya Augarten mjini Vienna, Beethoven aliketi kwenye piano kupiga sonata mpya. Wino ulikuwa haujakauka vizuri. Sehemu ya pili ilikuwa haijanakiliwa kwa ajili ya fidla, na mpiga fidla alilazimika kuisoma kutoka karatasi ya Beethoven mwenyewe. Mpiga fidla huyo alikuwa George Bridgetower, aliyezaliwa Poland mwaka 1778, baba yake akiwa mtu mweusi mwenye asili ya Afrika. Katikati ya onyesho alibuni papo hapo mapambo ambayo hayakuandikwa, na Beethoven, kwa masimulizi ya Bridgetower mwenyewe, akaruka kitini akamkumbatia.

Urafiki haukudumu. Wawili hao waligombana, na sonata ilipochapishwa ilitunukiwa Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Mpaka leo inaitwa Sonata ya Kreutzer. Jina la aliyeipiga kwanza lilibaki pembeni kwa muda mrefu, na Bridgetower alifariki London mwaka 1860. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana litajirudia: muziki huu umebeba majina ya wachache na kuyaacha nje ya wengine waliouwezesha.

Baada ya Beethoven zikaja zama za ulimbwende, wakati watunzi walipoweka hisia za nafsi mbele ya kanuni. Walitaka sauti kubwa zaidi, na pia minong'ono ya chini zaidi. Mafundi wakawajibu. Érard wa Paris alibuni mwaka 1821 mtambo uliowezesha noti moja kurudiwa upesi. Boston ikaleta fremu ya chuma, ambayo iliziwezesha nyuzi kukazwa kuliko fremu ya mbao ilivyoweza kustahimili. Piano ikatoka kwenye majumba ya wakuu ikaingia sebule za walimu, wafanyabiashara na makarani. Kufikia miaka ya 1880 ilikuwa imetulia kwenye vibao 88 vya kubonyeza: 36 vyeusi na 52 vyeupe.

Weupe wa vibao hivyo 52 ulikuwa pembe ya ndovu.

1833 hadi 1880: Merikani yashuka, pembe yapanda

Septemba 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Miaka michache baadaye balozi mdogo wa Marekani alikuwa ameshafungua ofisi Unguja. Meli kutoka Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba ambacho watu wetu walikiita merikani, jina ambalo bado lipo kinywani mwetu. Zilirudi zimebeba sandarusi, ngozi na pembe.

Kwa nini pembe ya huku? Wafanyabiashara walitofautisha pembe ngumu na pembe laini, na ile laini iliyopitia Zanzibar ndiyo waliyoipenda watengenezaji wa piano. Hukatika nyembamba bila kupasuka, hung'aa ikisuguliwa, na haitelezi chini ya kidole chenye jasho. Mpiga piano hakuitaka kwa sababu nyingine.

Huko Connecticut, katika bonde la mto, viliinuka vijiji viwili vilivyoishi kwa pembe: Deep River, makao ya kampuni ya Pratt, Read, na jirani yake ambacho kiliitwa kabisa Ivoryton, yaani mji wa pembe, makao ya Comstock, Cheney. George Cheney mwenyewe alikuwa ameishi Zanzibar akinunua pembe kabla ya kurudi kwao kuziuza. Kiwandani, pembe ilikatwa vipande, vipande vikapasuliwa kuwa vibanzi vyembamba, viwili kwa kila kibao cheupe. Kisha vibanzi vilipangwa ndani ya nyumba ndefu za vioo, vikaanikwa juani kwa wiki kadhaa mpaka umanjano ukatoka. Ilikadiriwa kuwa pembe moja ya kilo 34 ilitosha vibao vya piano 45.

Kilo 34 ni zaidi kidogo ya frasila mbili, na frasila mbili ndio mzigo wa mpagazi mmoja. Piga hesabu hiyo polepole. Mtu mmoja, kichwani au begani mwake, alishuka kutoka bara na piano 45.

Alitembea kwa miguu kwa sababu mbung'o waliua punda na ng'ombe njiani. Misafara ilitoka Bagamoyo, Pangani, Tanga na Mombasa ikiwa na nguo, shanga na waya za shaba. Ikalipa hongo kwa kila mtawala iliyempitia. Ikarudi na pembe baada ya mwaka au miwili. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kubwa walijivunia kazi hiyo, wakafunga njuga za chuma kwenye pembe ili mlio uende na mwendo. Wengine hawakuwa na la kujivunia: walikuwa watumwa, wamebebeshwa mali ya waliowateka. Mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anataja pembe kwa frasila ukurasa baada ya ukurasa, na vita vilivyozileta vimo humo humo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa msikilizaji wa Vienna au Boston, mzigo huo haukuwa hata na uzito wa usufi. Haukujulikana.

1886 hadi 1888: Safari mbili za wakati mmoja

Ndovu wa Tanganyika walipopungua, misafara ilisogea kaskazini. Ndipo historia ya sonata na historia ya ziwa letu zilipokaribiana kuliko wakati wowote.

Majira ya joto ya 1886 Johannes Brahms, aliyekuwa na makao Vienna, alipanga nyumba kando ya Ziwa Thun, Uswisi. Hapo aliandika sonata yake ya pili ya fidla na piano, Opasi 100 (yaani utungo namba 100), na kuanza ya tatu, Opasi 108, ambayo angeimaliza miaka miwili baadaye kando ya ziwa lilo hilo. Ya pili ni ya utulivu, kama mtu anayetembea jioni bila haraka. Ya tatu ina sehemu nne na dhoruba ndani yake. Piano haiisindikizi fidla hata kidogo, hupambana nayo.

Mwaka huo huo wa 1886, César Franck alimwandikia sonata mpiga fidla Mbelgiji Eugène Ysaÿe kama zawadi ya harusi. Onyesho lake la Desemba 16 mjini Brussels linastahili kusimuliwa. Lilifanyika katika makumbusho ya uchoraji, na sonata ilikuwa ya mwisho katika ratiba. Jua la majira ya baridi lilizama mapema, na taa zilikatazwa ili kulinda picha. Baada ya sehemu ya kwanza wapigaji hawakuweza kuona noti. Hadhira iliombwa iondoke, ikakataa. Ysaÿe na mpiga piano Léontine Bordes-Pène wakaendelea gizani, kwa kumbukumbu, hadi mwisho. Vidole vya Bordes-Pène vilijua njia kwa kugusa tu, na vilichogusa kilikuwa pembe.

Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa 1887, msafara mkubwa ulijikusanya Pangani. Mwenye fedha alikuwa Samuel Teleki, mwungwana tajiri wa Hungaria, akifuatana na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la maji la Austria. Lakini aliyejua njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, ambaye alikuwa amekwisha kupita Umasaini na Mwingereza Joseph Thomson miaka ya 1883 na 1884. Teleki alitafuta ziwa. Kimemeta alifuata pembe. Nyuma yao walikuja mamia ya wapagazi waliofuata ujira.

Machi 1888 walifika ncha ya kusini ya ziwa. Wapagazi walikimbilia maji na kukuta ni ya magadi, yanayokauka mdomoni. Miamba ya lava iliwakata miguu. Njaa na kiu viliwaua wengine njiani. Walipanda kaskazini kwa pwani ya mashariki, ng'ambo ya Nariokotome, na Teleki akawa anapiga ndovu kila walipowaona, kwa nyama na kwa pembe. Kwenye ncha ya kaskazini walikuta pembe kwa bei ambayo haikusikika tena pwani. Waturkana walikuwa na jina lao la ziwa hilo. Teleki aliliita Rudolf, kwa heshima ya mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria. Walirudi kupitia nchi ya Waturkana, wakidhoofika kwa njaa.

Walitokea Mombasa mwezi wa Oktoba, si Pangani walikoanzia. Pangani yenyewe ilikuwa vitani: tangu Agosti watu wa pwani ya Mrima, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walikuwa wamewainukia Wajerumani.

Miezi miwili baada ya Oktoba hiyo, Desemba 1888, Brahms aliketi kwenye piano mjini Budapest, katika nchi ya Teleki, pamoja na mpiga fidla Jenő Hubay, wakaipiga Opasi 108 kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira. Tarehe 30 Januari 1889 mwanamfalme Rudolf akafa kwa risasi huko Mayerling. Kupewa jina kwa ziwa, onyesho la kwanza la sonata ya tatu na kifo cha mwanamfalme aliyelipa ziwa jina vyote viliihusu dola moja, ndani ya mwaka mmoja.

1890 hadi 1914: Njia ikishajulikana

Ramani ya Höhnel ilipochapishwa, wawindaji hawakuhitaji kubahatisha. Mwingereza Arthur Neumann alifika ziwani mwishoni mwa 1895. Mwanzoni mwa 1896 mtumishi wake aliyeitwa Shebane, mtu wa msafara wa pwani, alikwenda kuoga akachukuliwa na mamba. Jina lake tunalijua kwa sababu tu mwajiri wake aliandika kitabu. Neumann naye alikanyagwa na ndovu jike akanusurika, akarudi na pembe. Misafara ya Waswahili ilipitia Baringo na Mumias, wawindaji wenye bunduki walishuka kutoka mji wa Maji, Ethiopia, na Walter Bell, Mskoti, akaifanya Karamoja, jirani wa magharibi wa Turkana, shamba lake. Katika maisha yake Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000.

Hiyo ndiyo miaka ambayo piano zilinunuliwa kama cherehani. Kufikia 1909 viwanda vya Marekani peke yake vilitengeneza zaidi ya 300,000 kwa mwaka. Kila familia iliyojiweza ilitaka binti ajifunze. Pembe za Turkana hazikuwekwa kando ghalani Zanzibar. Zilichanganywa na za Umasaini, Unyamwezi na Kongo, zikapimwa, zikapigwa chapa, zikapakiwa. Kutoka hapo hakuna ndovu aliyekuwa na nchi.

1929 hadi 1989: Plastiki na moto

Kilichoondoa pembe kwenye vibao hakikuwa huruma. Redio na santuri ziliingia sebuleni, na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukafunga viwanda vingi vya piano. Kisha plastiki ikawa nzuri na rahisi. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Steinway iliacha kutumia pembe kwenye piano zake mpya.

Kwa ndovu, hilo halikutosha. Pembe ilikuwa imepata wanunuzi wengine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili waliendelea: ndovu waliokaribia 167,000 mwaka 1973 walishuka hadi kama 16,000 mwaka 1989. Julai 18 mwaka huo Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi. Baadaye mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kuzuia biashara yake duniani. Ziwa nalo lilikuwa limekwisha kuvua jina la Rudolf. Tangu 1975 ni Turkana.

Katika miaka hiyo hiyo sonata zilikuwa zimetia mizizi upande wetu. Chuo cha muziki cha Afrika Mashariki kilianzishwa Nairobi mwaka 1944, enzi ambayo wapigaji na wasikilizaji walikuwa walowezi kwa sehemu kubwa. Baada ya uhuru milango ilifunguka kidogo kidogo. Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics huko Korogocho, kando ya jaa la Dandora, na watoto wa mtaa huo wakashika fidla. Wanapoweka upinde kwenye nyuzi hawaazimi kitu cha mtu. Bridgetower alifika kabla yao.

Leo: Tuseme nini kuhusu muziki huu?

Kwetu pembe ya ndovu iliwahi kuwa ala. Siwa ya Pate, hazina ya Makumbusho ya Lamu, imechongwa kwa pembe na kazi yake ilikuwa kupulizwa. Pumzi ya mtu ilipita ndani yake ikatoka sauti iliyotangaza harusi na sherehe za wakubwa. Katika piano haikuwa hivyo. Sauti ya piano hutoka kwenye nyuzi za chuma, kwenye nyundo zilizovikwa sufi na kwenye ubao mpana ulio chini yake. Kipande cha pembe juu ya kibao hakitoi sauti yoyote. Kipo kwa ajili ya ngozi ya kidole.

Naipenda Opasi 108. Sehemu yake ya pili, pale fidla inapoimba juu ya nyuzi za chini huku piano ikiitandikia njia, ni miongoni mwa mambo mazuri ambayo binadamu amefanya. Siwezi kumlaumu Brahms kwa risasi za Teleki, wala sitaki msikilizaji yeyote aone haya kwa kutokwa na machozi ukumbini. Lakini tusikubali kuambiwa kwamba ndovu wale walikufa kwa ajili ya muziki. Leo sonata ile ile hupigwa juu ya plastiki, Vienna na Nairobi, bila kupungukiwa hata noti moja. Walikufa kwa ajili ya starehe ya mguso, na wapagazi walikufa pamoja nao.

Basi ninyi mnaoandaa maonyesho ya fidla na piano Afrika Mashariki, mnapochapa ratiba yenye majina ya Beethoven, Franck na Brahms, ongezeni ukurasa mmoja. Muandikeni Bridgetower. Muandikeni Jumbe Kimemeta wa Pangani na Shebane aliyebaki ziwani. Waandikeni wapagazi, ingawa wengi hawana majina. Nanyi walimu wa Lodwar, Kakuma na Nariokotome, mnapowapeleka wanafunzi kuona mahali Kamoya Kimeu alipoinama, waambieni kwamba udongo huo una mifupa ya ndovu pia, na kwamba wajukuu wa ndovu hao walikunywa maji ya ziwa hili hadi juzi tu, siku za mababu wa mababu zao.